Anayeulinda Msitu Naye Ale



Safu hii kwa kawaida huzungumzia malezi, ndoa, mirathi na mambo ya jamaa wa msikitini. Leo tunaomba idhini ya kuipandisha familia mlimani, kwenye msitu ambao wingu huingia mpaka uani na nguo iliyoanikwa hukaa siku kadhaa bila kukauka. Mahali hapo ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Sisi wa Ufukoni, wanakamati, akina mama na vijana wa madrasa, tulichanga nauli kidogo kidogo, tukasafiri, na Alhamdulillah tukarudi salama.

Tangu turudi tumekuwa tukiulizwa maswali. Mzee wetu mmoja, ambaye neno lake lina uzito msikitini, alitaka kujua mtu wa pwani ya Mtwara, mwenye bahari yake na mikoko yake, anapata faida gani kwa kusafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kutazama miti na vipepeo. Swali hilo ni la haki. Nauli ya familia si kitu kidogo, hasa nje ya msimu wa korosho, na mwenye kuwashawishi watu watoe fedha zao hana budi kutoa hoja.

Jibu letu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni elimu: yako mambo katika uumbaji wa Mwenyezi Mungu ambayo mtoto akiyaona kwa macho yake hayasahau, hata kama amekwisha yasoma darasani. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Watu wa Amani wamekabiliana kabla yetu na swali ambalo vijana wa mwambao wetu hulirudia kila wanapozuiwa kutupa wavu mahali walipoukuta baba zao: huyu anayeambiwa alinde, ale nini?

Msitu unaoyakamua mawingu

Tuanze na kazi ya msitu wenyewe. Milima ya Usambara Mashariki haiko mbali na Bahari ya Hindi. Upepo utokao baharini umebeba unyevu, na ukifika Muheza hukuta nchi tambarare imeinuka ghafla na kuwa mlima. Hewa hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka wingu na mvua. Kwa sababu hiyo Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambazo ni karibu maradufu ya zile tunazozipata sisi mjini Mtwara.

Lakini si mvua peke yake. Hata siku ambayo haikunyesha, ukungu hupita kati ya matawi, ukagusa majani, kuvu na mimea midogo inayoota juu ya magome ya miti, na matone yakaanza kudondoka chini. Ardhi yenyewe imefunikwa na majani makavu yaliyorundikana, laini kama godoro, na maji huzama humo taratibu badala ya kukimbia na udongo. Yale yaliyozama ndiyo yanayotoka baadaye katika vijito, na vijito hukutana na kuwa mto Zigi. Mto huo hushuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji huenda katika mabomba ya Jiji la Tanga. Mama anayefungua bomba Ngamiani au Chumbageni ajaze ndoo yake, asili ya maji hayo ni ukungu wa Amani.

Watu wa mkoa wetu hawahitaji kufundishwa sana thamani ya jambo hili. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba wanaishi juu ya uwanda wa Makonde, mahali pa juu penye upepo mzuri lakini pasipo na mto. Maji yao hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya bondeni Mitema, na bibi zetu waliozaliwa huko hawajasahau safari za kushuka mabondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Amani mlima ndio unaowateremshia maji watu wa bondeni. Makonde watu wa bondeni ndio wanaoupandishia mlima. Aliyewahi kuyabeba maji kichwani haoni ajabu ukimwambia kwamba msitu ni hazina.

Asitaraji simba

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina eneo la zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliiingiza Usambara Mashariki katika orodha ya hifadhi za uhai za dunia. Milima hiyo ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Misitu yake ni ya kale sana, na kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nchi kavu ya tambarare, imekaa kama visiwa vilivyotengana. Viumbe vya kisiwa kimoja havikuvuka kwenda kingine. Ndiyo maana iko mimea, vyura, vinyonga na ndege ambao ukiwakosa hapo hutawapata popote pengine.

Mwenye kwenda asitaraji simba wala tembo. Huu si msitu wa kupita na gari huku umetoa kichwa juu ya paa. Hapa mtu hutembea kwa miguu, nyuma ya kiongozi mzaliwa wa kijiji, na hutakiwa kunyamaza, jambo ambalo kwa vijana wetu lilikuwa mtihani mkubwa kuliko kupanda kilima. Waliponyamaza, waliona. Waliona mbega wenye manyoya marefu meupe mabegani wakiruka toka mti hadi mti, na kima wakiwatazama kwa dharau. Walisikia mabawa ya hondohondo yakivuma juu ya vichwa vyao kabla hawajamwona ndege mwenyewe. Usiku, kwa mwanga wa tochi, walimwona kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni, amelala juu ya kijiti, rangi imepauka kabisa. Kiongozi wetu alieleza kwamba mchana mtu anaweza kupita mbele yake mara kumi asimtambue.

Yuko pia ndege mmoja mdogo, wa kijivu, mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Reginald Moreau, mtaalamu aliyefanya kazi Amani wakati wa utawala wa Waingereza. Hatukubahatika kumwona. Tunamtaja kwa sababu duniani kote ndege huyu anajulikana katika sehemu mbili tu: Usambara Mashariki, na uwanda wa Njesi ulioko kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma yetu. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mamia ya kilomita ambazo hayumo. Vijana wetu, ambao wengi wana shangazi na wajomba ng'ambo ya mto, walifurahi kusikia kwamba hata ndege huyu ana jamaa zake upande ule.

Ua lililochukuliwa

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tushike kalamu.

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliokota mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau ulioota kwenye miamba yenye kivuli. Mmea ulipelekwa kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo. Kuanzia hapo ua la Usambara likazalishwa kwa wingi katika vitalu vya Ulaya na Marekani, na leo ni moja ya maua yanayopandwa sana ndani ya nyumba. Limo madirishani mwa watu ambao hawajui Usambara iko bara gani. Wafanyabiashara wa maua wamelila tunda lake kwa zaidi ya miaka 100. Mlima lilikotoka haukupata kitu, na nyumbani kwake leo ua hilo limo hatarini, kwa sababu kivuli cha msitu kikiondoka nalo hukauka juu ya mwamba.

Miaka 10 baada ya ua kuondoka, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea ambayo ni miongoni mwa kubwa barani Afrika. Miti ya mabara yote ililetwa na kupandwa, na mpaka sasa mgeni anaweza kutembea chini yake. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya reli ya zamani iliyokuwa Zigi imekarabatiwa na kuwa mahali pa kupokelea wageni na kuwapa maelezo. Elimu iliyopatikana hapo ilikuwa kubwa, hilo hatulipingi. Lakini iko miti ya kigeni ambayo haikubaki bustanini. Mmoja wao, uliotoka misitu ya ukanda wa Ziwa Victoria, ulipata nafasi pale miti mikubwa ya asili ilipokatwa kwa mashine katika miaka ya 1970 na 1980. Hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu zake, na leo umetanda mahali pengi palipokuwa pa miti ya asili. Mgeni asiyejua hutazama kijani kibichi akadhani yote ni msitu ule ule.

Na kipepeo aliyezuiwa

Ua liliondoka bila mlima kupata chochote. Kwa kipepeo mambo yalianza vingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, wanavijiji wanaopakana na msitu wa Amani walianza kufuga vipepeo. Kazi ni hii. Mfugaji huchukua vipepeo majike wachache kutoka msituni na kuwaweka ndani ya kibanda cha wavu pamoja na majani ya mti ambao aina hiyo huupenda. Kipepeo hutaga, mayai hukusanywa, viwavi huanguliwa na kulishwa. Kila aina ina jani lake, na kiwavi akipewa jani asilolijua hufa na njaa huku chakula kimemzunguka. Kwa hiyo mfugaji sharti aijue miti ya asili kwa majina, na sharti aipande karibu na nyumba yake. Kiwavi akishiba hujifunga ndani ya ganda akawa pupa, na hapo ndipo huuzwa. Pupa hufungwa vizuri ndani ya boksi na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, ambako huchanua kuwa vipepeo mbele ya watoto waliolipa kiingilio.

Mamia ya wanavijiji waliingia katika kazi hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwa wafugaji wenyewe, na sehemu ikatengwa kwa maendeleo ya vijiji vyao. Tazameni hekima iliyomo. Mama aliyekuwa akiingia msituni kutafuta kuni sasa alikuwa na sababu ya kuutaka msitu uwepo, kwa kuwa mama wa vipepeo wake walitoka humo. Hakuhitaji semina ya kumweleza faida za uhifadhi. Faida aliiona katika ada ya shule na katika bati la nyumba yake.

Kisha likaja katazo la mwaka 2016. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Hatusemi kwamba haikuwa na sababu. Taifa zima lilifedheheka mwaka 2010 twiga wetu walipopakiwa ndegeni katika uwanja wa Kilimanjaro wakaondoka, na kila mwenye uchungu na nchi hii alitaka mlango ule ufungwe. Lakini mlango ulipofungwa, ulifungwa kwa wote: twiga aliyekamatwa porini kwa hila, na pupa aliyezaliwa ndani ya kibanda cha mama wa kijijini na kuuzwa kwa kibali. Mwezi Juni 2022 lilitoka tangazo la kuruhusu biashara hiyo kwa miezi sita, na ndani ya siku chache likasitishwa.

Mama mmoja aliyetupokea alituonyesha fremu za vibanda vyake zilizobaki nyuma ya jiko. Wavu umechanika, na kuku wamepageuza mahali pa kulala. Hakuwa na maneno makali juu ya mtu yeyote. Alieleza tu kwamba miti aliyoipanda kwa ajili ya viwavi bado ipo, kwamba jirani yake amekwisha ikata ya kwake apande iliki, na kwamba yeye hajui ataendelea kuiacha mpaka lini. Akina mama tuliokuwa nao walinyamaza. Wengi wao wanajua maana ya mradi unaofika na ngoma na kuondoka kimya.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa jambo. Kijiji hakiwezi kukaa juu ya maji ya jiji zima kikawa kinayalinda kwa nia njema peke yake. Iliki hupenda kivuli, lakini ili istawi watu hufyeka mimea ya chini ya msitu, na miaka ikipita miti mikubwa haipati watoto wa kuirithi. Katika ukanda wa Derema, wakulima zaidi ya 1,000 walilazimika kuacha mashamba yao ya iliki kwa fidia ili msitu upate kuungana. Kila hatua ya namna hiyo ni haki ya umma ikikutana na riziki ya mtu, na riziki ya mtu haiwezi kujibiwa kwa kibao kilichoandikwa "Usiingie".

Yapo pia yanayotia moyo. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wamejiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulima bila kuchafua vyanzo vya maji. Iko mbegu ya msambu, mti wa asili wa milima hiyo, ambayo hukamuliwa mafuta, na kwa kuwa tunda huokotwa likiwa limeanguka, hakuna sababu ya kukata mti. Na wako wageni. Mgeni anayelala kijijini, akala ndizi na maharage ya kijijini, akamlipa kiongozi na kununua mdalasini na pilipili manga kwa mkulima mwenyewe, anaacha fedha mahali zinapotakiwa ziachwe.

Na sisi wa mwambao

Kwetu nako tuna hifadhi. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Matumbawe yake ni nyumba ya samaki, mikoko yake ni kitalu cha kamba na vifaranga wa samaki, na kasa hutaga katika fukwe zake. Kama vile msitu wa Amani unavyolisha mabomba ya Tanga, mikoko ya Ruvuma inalisha majiko yetu. Aliyekula samaki Ufukoni amekula matunda ya mikoko, hata kama hajawahi kuigusa.

Lakini wangapi kati yetu tumewahi kwenda Msimbati kwa nia ya kutazama na kujifunza, siyo kwa maziko au kwa biashara? Wangapi wamemlipa kijana wa kijiji awapitishe kwa mtumbwi katika mikoko? Tunawataka ndugu zetu wa vijiji vile waache baruti, waache nyavu za matundu madogo, waache kukata mikoko ya majenzi; na tunawataka hayo tukiwa tumekaa mjini tunakula samaki waliowaacha wakue. Hiyo si insafu.

Na jirani yetu Lindi kuna uwanda wa Rondo, wenye Hifadhi ya Mazingira Asilia inayobeba jina hilo. Humo anaishi komba mdogo kabisa, aitwaye komba wa Rondo, ambaye ni miongoni mwa jamii ya nyani na komba walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Wataalamu kutoka mabara mengine husafiri kwa ndege kuja kumsikiliza usiku. Sisi tulio karibu naye wengi wetu tunaijua Rondo kwa mbao za mvule tu.

Dini yetu haijaliacha jambo hili bila mwongozo. Mtume wetu (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu ambalo miti yake haikatwi ovyo wala mawindo yake hayasumbuliwi. Amefundisha pia kwamba Muislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa yeye kuwa sadaka. Ardhi ni amana, na amana ina mwenyewe atakayeuliza. Lakini katika sheria yetu hiyo hiyo, mlinzi wa mali ya yatima akiwa maskini ameruhusiwa kula kwa wema. Kulinda na kula havikufanywa maadui. Kilichokatazwa ni kufuja na kudhulumu.

Kwa familia itakayokwenda

Kwa wale walioahidi kwenda, tuna maelezo machache. Safari huanza kwa basi la Dar es Salaam, kisha basi la Tanga, na mtu hushuka Muheza. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita zisizozidi 40, lakini barabara ni ya vumbi na kona, na katika masika, Machi hadi Mei, matope yanaweza kuwalaza njiani. Miezi ya Juni hadi Septemba ni ya baridi lakini ndiyo mizuri kwa kutembea. Nyumba za wageni zipo Zigi, chini ya mlima, na Amani kwenyewe. Ulizeni mapema, na ombeni vyumba vya akina mama viwe pamoja.

Chukueni sweta na koti la mvua, hata kama mmezaliwa na kukulia katika joto la Mtwara. Viatu viwe vya kufunika vidole. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala, na misikiti ipo vijijini. Tulipokewa kwa bashasha tukapewa chai ya iliki kabla hatujajieleza. Maji ya udhu ya alfajiri ni baridi kweli kweli, na thawabu yake tunaitumaini kwa kadiri hiyo.

Ingieni msituni kwa kiongozi wa kijijini, na mlipeni bila kumpunja. Msing'oe ua, msimkamate kinyonga kwa ajili ya picha, na msirudi na mche ndani ya mfuko. Nunueni viungo kwa mkulima. Na kabla ya kuondoka, wapeni watoto nafasi ya kuuliza maswali kwa wenyeji. Vijana wetu waliuliza kuhusu vipepeo mpaka jua likazama.

Rai yetu

Tunatoa rai tatu. Kwa wenye mamlaka, tunaomba watenganishe kati ya mnyama aliyeporwa porini na pupa aliyezaliwa kibandani, na walitoe jibu mapema, kwa sababu mti uliosubiri kipepeo kwa miaka mingi hausubiri milele. Shoka liko karibu. Kwa wazazi, tunaomba katika mipango ya likizo, mahali pa sare za sherehe na maturubai, ibaki sehemu ya kuwapeleka watoto wakaone msitu, mto au mikoko. Si lazima iwe Amani. Rondo ipo, na Msimbati ipo.

Rai ya tatu ni kwetu wenyewe, watu wa Ufukoni. Kamati imekubali kwamba ziara ijayo ya madrasa itakuwa katika maingilio ya Ruvuma. Viongozi wa ziara watakuwa vijana wa kijiji tutakachokitembelea, chakula kitapikwa na akina mama wa kijiji hicho, na tutapanda miche ya mikoko mahali watakapotuelekeza wao. Mchango utapokelewa kila Ijumaa baada ya sala, na hesabu itabandikwa ukutani mwa msikiti kama kawaida yetu. Mzee wetu aliyetuuliza lile swali la faida amekuwa wa kwanza kuandikisha wajukuu wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali wanaotulindia maji na samaki wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza haki zao.